Filamu moja kwa usiku wa mbalamwezi Ujiji: The African Queen, Sholay au Neria?

Mwana wa Ujiji

Assalamu alaykum, na habari zenu ndugu zangu wa Kigoma na Tabora. Vijana wa mtaa wetu wamechangishana wakanunua projekta, nao wameniomba niwachagulie filamu ya kuanzia, kwa kuwa tangu nikiwa shule ya msingi wananijua kwa ugonjwa wa picha. Itaoneshwa uani, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, katika siku zile za mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazina kazi mbele ya mwezi, kwa hiyo mabibi, wajukuu na wavuvi wenyewe watakuwapo pamoja. Nimebakiza filamu tatu, na ninazipima kwa jambo moja tu, yaani tukio ambalo linanirudia bila ya mtu kunikumbusha.

Ya kwanza ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Wengi husifu tukio la ruba, pale Humphrey Bogart anapotoka majini mwili umejaa ruba, anatiwa chumvi, anatetemeka, kisha anatazama boti iliyokwama na kurudi mumo humo majini kwa sababu hakuna mwingine wa kuivuta. Mimi hunirudia lile linalofuata. Yeye na Katharine Hepburn wamelala hoi katikati ya matete wakiamini kuwa wamepotea, na ndipo kamera inapopanda juu taratibu ikatuonesha sisi watazamaji kwamba ziwa liko hatua chache tu mbele yao. Sijaona filamu nyingine iliyonifanya nitamani kupaza sauti ili watu wa kwenye ukuta wanisikie.

Ya pili ni Sholay ya India, ya mwaka 1975, ambayo haihitaji utambulisho kwa mtu yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha video. Ya tatu ni Neria ya Zimbabwe, ya mwaka 1993, ambayo niliiona mara moja tu na sikutaka kuiona tena, si kwa ubaya wake bali kwa ukweli wake.

Moyo wangu umeegemea The African Queen, kwa kuwa kisa chake kilichipuka kutoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa kwenye ziwa letu hili la Tanganyika, na meli iliyompa mwandishi wazo hilo ni Liemba yetu. Nipingeni.

Mzee wa Kibirizi

Mwanangu, nitakupinga kwa heshima. Ni kweli kwamba C. S. Forester alipoandika riwaya yake ya mwaka 1935 alikuwa na vita vya Tanganyika akilini, lakini hiyo filamu ilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji, na watu wenye ngozi kama yangu na yako wamo kama miti ilivyomo. Wanaimba kanisani mwanzoni, wanachomewa kijiji, kisha wanatoweka, na kuanzia hapo mto mzima ni wa Wazungu wawili na chupa za pombe ya jini, ambazo naungama kwamba nilifurahi sana kuona yule mama akizimwaga zote mtoni.

Tena kuna jambo la pili. Ndani ya filamu manowari ya Wajerumani inalipuka na kuzama, na hadithi imekwisha. Meli yenyewe haikuwa hivyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wao wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisiharibike, kama mtu anayefukia mali yake akitumaini kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mimi nimelala juu ya sitaha yake nikielekea Kasanga, huku magunia ya dagaa yakiwa mto wangu. Utawaambia nini wavuvi watakapoona imezama kwenye ukuta, nao wanaifahamu kwa mlio wa honi yake?

Binti wa Isevya

Shikamoo Mzee wa Kibirizi, na kaka Mwana wa Ujiji nakusalimu kutoka Tabora. Mimi ninashangaa kwamba Sholay umeipa sentensi moja. Sisi tuliozaliwa kwenye makutano ya reli ya Kigoma na ya Mwanza tunaipenda tangu pale majambazi wanapolivamia treni la mizigo kwa farasi, na vijana wawili waliofungwa pingu wanafunguliwa ili wasaidie kupigana.

Katika kibanda tulichokuwa tukilipia viti vya mbao, palikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba stelingi hafi. Kwa hiyo ilipofika mahali ambapo Jai, yaani Amitabh Bachchan, anakata roho mikononi mwa rafiki yake Veeru, yaani Dharmendra, kibanda kizima kiligawanyika, wengine wakisema kwamba kumbe stelingi alikuwa Dharmendra, na wengine wakidai kwamba mkanda umekatwa. Kisha Dharmendra anaitazama ile sarafu ambayo Jai amekuwa akiirusha tangu mwanzo kila walipotaka kuamua jambo, na anagundua kwamba pande zake zote mbili zinafanana. Rafiki yake hakuwahi kubahatisha. Alikuwa amekwisha kuchagua kubaki nyuma na kufa.

Hata hivyo, tukio langu ni jingine, nalo halina neno hata moja. Ni usiku, Jai amekaa nje akipiga kinanda chake cha mdomo, na juu barazani mkwe mjane wa bwana aliyewakodi, aliyeigizwa na Jaya Bhaduri, anapita akizima taa moja baada ya nyingine. Hawaongei. Mtu wa kututafsiria, ambaye kwa kawaida alikuwa hanyamazi hata mbwa akibweka, alinyamaza hapo bila ya kuombwa na yeyote. Kaka, wewe unakaa mahali ambapo taa za karabai huonekana ziwani usiku kama mji wa pili, na bado unaniambia kuhusu matete?

Mama wa Mwanga

Nawasikiliza mnavyosifu majambazi na manowari, na ninataka kuisemea Neria, kwa sababu Mwana wa Ujiji ameiogopa. Patrick, mume wa Neria, anafariki barabarani, na kabla machozi hayajakauka kaka yake Phineas anaanza kubeba vitu vya nyumba huku akiitaja mila. Anachukua kwa sauti ya upole, na hilo ndilo linalotisha. Nilipoiangalia na akina mama wenzangu hakuna aliyelia wakati wa mazishi, lakini vitu vilipoanza kutolewa mlangoni mmoja wetu aliinuka akatoka nje, na tukamwacha, kwa sababu tulijua nyumba yake ilivyokombwa.

Watu wanadhani filamu hiyo ni somo la mahakama. Hadithi aliitunga Tsitsi Dangarembga, na alikuwa na akili ya kutowafanya wakwe wote kuwa waovu wala mila yote kuwa mbaya, na ndiyo maana inauma. Wimbo wa Oliver Mtukudzi, ambaye pia anaigiza humo kama kaka wa Neria, unafanya nusu ya kazi.

Nakiri udhaifu wake mmoja. Wanazungumza Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ubishi wake umo katika maneno, kwa hiyo mfasiri akiteleza mmepotea. Kama tatizo ni lugha, mbona hamjaitaja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi? Hiyo ni ya kwetu na ni ya Kiswahili.

Fundi wa Katubuka

Nitasema machache ya kazi yangu. Vuta N'kuvute ni nzuri lakini ina matukio mengi ya usiku na ya vyumba vyenye kiza, na chini ya mbalamwezi ukutani mtaona weusi unaosogea. The African Queen ni ya rangi kali na ya jua la mchana, itaonekana. Sholay itaonekana kwa sehemu kubwa, ila inapita saa tatu, kwa hiyo wekeni petroli ya kutosha katika jenereta, na jenereta yenyewe ikae nyuma ya nyumba, la sivyo hicho kinanda cha mdomo hakitasikika kamwe. Mwembe wa uani pia ni mali, kwa sababu ukuta ulio kivulini mwake hauoshwi na mwezi.

Mwana wa Ujiji

Nimewasoma nyote, na jana jioni nilifanya jaribio. Nilimketisha bibi yangu, ambaye hajui Kiingereza wala Kihindi, nikamwonesha kwenye simu vipande vitatu nikiwa nimezima sauti kabisa. Kwa ruba alitikisa kichwa alipoona chumvi, akasema kwamba ndiyo dawa yake, kisha akauliza kwa nini mtu mzima amerudi majini wakati ufuko upo. Ziwa lilipotokea hakushtuka, kwa sababu yeye ziwa amelizoea kulikuta mbele. Kwa Phineas aliuliza kama wale wanahama.

Nilipofika kwenye taa hakuuliza kitu. Alimtazama yule mwanamke mwenye nguo nyeupe akizima ya kwanza na ya pili, akasema, "Huyo yumo edani," na kabla taa ya tatu haijazimwa akaongeza kwamba kijana wa chini amekwisha kumpenda na kwamba hawataoana. Aliyasema hayo bila ya kujua kwamba karibu na mwisho wa filamu mwanamke huyo anafunga dirisha.

Kwa hiyo mwezi huu tutaonesha Sholay, chini ya mwembe, na mapumziko ya kunywa kahawa katikati. Neria itafuata mwezi ujao, na ninamwomba Mama wa Mwanga aje kuitafsiri mwenyewe kwa kuwa siwezi kumwamini mtu mwingine. Mzee wa Kibirizi, The African Queen tutaiangalia mimi na wewe, nawe utanisahihishia meli. Binti wa Isevya, ukipanda treni ukaja, kipaza sauti ni chako.

Binti wa Isevya

Nitakuja, kaka, na treni nitajilipia. Nitatafsiri yote, hata nyimbo, lakini zikianza taa ninaweka kipaza sauti chini.