Laptop ya steshenari inazima nikichomoa chaja: ninunue betri au chaja?

Mama Steshenari
Wakuu, habari za mchana. Nina steshenari hapa Morogoro jirani na chuo, nachapa na kuprinti. Laptop yangu ni used ya Dubai, Core i5 kizazi cha sita, RAM 8. Siku hizi nikichomoa chaja inazima papo hapo. Na huu ndio msimu wa ripoti na tafiti, wanafunzi wanapanga foleni hadi nje. Umeme ukikatika, kazi ambayo sijaihifadhi inapotea huku mteja ananitazama. Nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Iwe betri au chaja? Naombeni ushauri wa haraka, sina amani.

Kijana wa Msamvu
Uza hiyo, ongeza hela, chukua kompyuta ya mezani na UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika. Steshenari na laptop wapi na wapi? Halafu kizazi cha sita Windows 11 haikipokei, Intel inaanzia cha nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Mama Steshenari
Asante ndugu, ila sijauliza habari ya kuuza. Hela ya mezani sina.

Babu Kitonga
Umenikumbusha mbali. Mjukuu alimwaga chai ya maziwa kwenye kibodi yangu, jirani akasema izike kwenye mchele. Nikaizika kwenye ndoo nzima ya mchele. Haikuwaka, na ule mchele nyumba nzima walikataa kuula. Baadaye fundi akanionyesha bodi: sukari imeganda kwenye miguu ya vipuri, kutu ya kijani kila mahali. Mchele haufyonzi sukari. Vijana, ikimwagikiwa zima, chomoa kila kitu, igeuze, ipelekeni ikasafishwe siku hiyo hiyo.

Fundi Risasi
Pole dada. Kabla hujanunua chochote nijibu mambo matatu. Karatasi ya chaja inasema volti ngapi na ampea ngapi? Pili, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili litakalotokea: betri ilitengenezwa na uwezo gani, na leo ikijaa inabeba kiasi gani? Tatu, pale pa kuchezeshea mshale panabonyezeka kama kawaida, au pameinuka?

Mama Steshenari
Chaja ni 19.5V 2.31A. Ile ya mwanzo iliungua, ilikuwa 19.5V 3.33A. Ripoti inasema ilikuwa 41,000 na ushee, sasa ni 3,000 na kitu.

Fundi Risasi
Zidisha volti kwa ampea: uliyonayo ni wati 45, ya mwanzo ilikuwa 65. Volti zinalingana, kwa hiyo haiunguzi mashine, ila itachaji polepole na kazi nzito itailemea. Chaja inaweza kusubiri, betri ndiyo imekwisha. Lakini swali la tatu umeliruka.

Mama Steshenari
Pameinuka kidogo. Sio tatizo, natumia mausi.

Fundi Risasi
Kidogo kiasi gani?

Mama Steshenari
Pembeni pana mwanya, sarafu ya shilingi 200 inapita. Lakini naomba msinitishe, maana inachapa vizuri tu. Nimeshaongea na fundi wa hapa mjini. Anasema ni hewa imejaa, ataitoboa kwa sindano itoke, kisha abadilishe seli mbili, vile vibetri vidogo vya ndani, kwa sababu betri mpya ni ghali. Nimeshamwachia elfu arobaini ya kutanguliza. Yeye ana uzoefu.

Fundi Risasi
Dada, hamisha faili kwenye flashi, zima, chomoa chaja. Kisha usome.

Hapo pameinuliwa na betri iliyovimba chini yake, na haikuingia hewa kutoka nje. Ni gesi iliyotengenezwa na kimiminika cha ndani ya betri kinapoharibika, na kimiminika hicho kinashika moto. Ndani mna tabaka chanya na hasi, katikati yake utando mwembamba sana. Sindano ikipenya utando, tabaka zinagusana, joto linapanda ghafla na betri inaweza kulipuka moto, na moshi wake ni sumu. Mwaka 2016 Samsung waliziita zirudishwe simu zao zote za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kuwaka. Nawe unaikalia kwenye chumba kilichojaa karatasi.

Kilichoiua ni kushinda kwenye chaja kutwa nzima ikiwa imejaa 100 huku mashine ni ya moto. Steshenari nyingi ndivyo zilivyo.

Mtumishi wa Haki
Ndiyo tabu ya kuendesha biashara bila akiba ya matengenezo. Kesho utakimbilia mkopo wa kausha damu. Watu wanajua kununua, kutunza hawajui.

Mama Steshenari
Sijakopa kwa mtu. Hiyo mashine ndiyo inayosomesha watoto wangu.

Jicho la Tatu
Mimi nina wasiwasi na huu uzi. Betri yenye 3,000 inatakiwa kushika hata dakika chache, mleta mada anasema inazima papo hapo. Hadithi ya kutunga hii. Subirini, hapo chini itawekwa namba ya muuza betri.

Fundi Risasi
Hapana mkuu. Ile namba ni makadirio. Seli moja ikichoka, ukichomoa chaja volti zinaporomoka ghafla na mashine inajizima ingawa hesabu inasema chaji ipo. Naliona karibu kila wiki mezani kwangu.

Jicho la Tatu
Basi aweke picha.

Mama Steshenari
(picha) Haya. Nina kazi, sina muda wa kutunga.

Kijana wa Msamvu
Mama, hizo rimu mbili za karatasi juu ya laptop ni za nini?

Mama Steshenari
Huwa naikandamiza nazo usiku irudi chini. Na ilishuka.

Babu Kitonga
Yaa Rabi.

Fundi Risasi
Ondoa rimu sasa hivi. Nayo ni njia ya kuipasua.

Mama Steshenari
Nimetoa. Nimezima pia. Na elfu arobaini yangu?

Fundi Risasi
Ihamie kwenye betri mpya. Nenda mwenyewe, simama palepale. Aanze kwa kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Mpya ilingane na namba ya modeli iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, na volti zake. Laptop nyingi za namna hiyo zinafanya kazi na chaja tupu bila betri, kwa hiyo kazi haitalala. Weka Word ijihifadhi kila dakika 1.

Mama Steshenari
Nipo kwake. Amefungua, betri imeshikwa kwa gundi, anataka kuichokoa kwa bisibisi.

Fundi Risasi
Asitie chuma! Kadi ya plastiki, aanzie pembeni taratibu, asiikunje.

Mama Steshenari
Imetoka. Imevimba kama andazi, na picha naweka kwa ajili ya Jicho la Tatu. (picha) Ameitia kwenye kopo la rangi lenye mchanga, nje ya duka. Betri ya namba hiyo hana, anaagiza Dar, inakuja na basi kesho. Mashine imewaka bila betri, narudi kuchapa.

Jicho la Tatu
Nimeona. Risiti ya hiyo elfu arobaini umechukua?

Mama Steshenari
Anaandika.