Naomba ushauri: kuhamisha mabaki ya babu yetu
Ndugu zangu, heshima kwenu. Familia yetu ya Kisesa, hapa Mwanza, inatakiwa kuhamisha kaburi la babu kupisha barabara. Taratibu za Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 tumeshaelezwa. Kinachotugawa ni ibada yenyewe. Wazee wanataka mabaki yavishwe sanda mpya na ukoo ule chakula pamoja, ilhali baba zetu wadogo, ambao ni waumini thabiti, wanaona huko ni kuabudu mifupa.

Binafsi siafiki. Wamerina wa nyanda za juu za Madagaska, ambao wengi wao ni Wakristo, hufanya famadihana: hufungua kaburi la ukoo kila baada ya miaka kadhaa, huwaviringisha marehemu kwa vitambaa vipya vya hariri, kisha huwabeba wakicheza kulizunguka kaburi. Sioni kufuru hapo, naona upendo.

Naomba waliowahi kuhamisha makaburi huku Kanda ya Ziwa wanieleze: je, padri au mchungaji alikubali kusimama pamoja na wazee? Na ile mifupa midogo ya vidole, ambayo udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania, mliikusanyaje bila kuacha hata mmoja?