Testosteroni (homoni ya kiume) 8.4, nimeambiwa nianze sindano za homoni. Nianze au nisubiri?

Kipanga wa Moro (mleta uzi)

Habarini wakuu. Naomba tulijadili hili kiutu uzima, wenye utani wa nguvu za kiume nyuzi zao zimejaa kule chini.

Nina miaka 43, nipo Morogoro, nimeoa. Tuna binti mmoja na mke wangu anataka wa pili, na kusema kweli hata mimi namtaka. Sukari ninayo tangu 2019, natumia metformini, na presha natumia atenololi. Uzito kilo 98. Tangu mwaka jana mwili mzito, hamu ya tendo imepotea kabisa, Simba na Yanga wakicheza mimi kipindi cha pili kinanikuta nimelala kwenye kochi. Zamani alfajiri mambo yalijiamsha yenyewe, siku hizi kimya.

Nilikuwa Dar kikazi nikapita kliniki moja binafsi. Wamenipima saa 9 alasiri, nimetoka kula wali. Majibu: testosteroni nanomoli 8.4 kwa lita, na karatasi inasema kawaida inaanzia 8.6. Yule bwana hakuuliza mengi, akaniambia homoni zimeisha, tuanze sindano leo leo. Bei ya sindano moja inakaribia kodi ya nyumba yangu. Nikamwambia naenda kujipanga.

Nimesoma kwamba ukianza huachi tena hadi kaburini, na kwamba inapiga moyo. Mzee wangu alipata kiharusi akiwa hajafika 60, ndiyo maana nasita. Mwenye taaluma au aliyepitia anisaidie. Natanguliza shukrani.

Chuma Kizito

Mkuu unachelewa wapi? Gym kwetu kuna watu wa miaka 50 wanachoma Sustanon, sindano ya testosteroni, kila wiki na wanabeba vyuma kuliko vijana. Hata hicho kipimo hukukihitaji. Njoo inbox nikuunganishe na jamaa.

Babu Kifimbo

Vumbi la Kongo kijiko kimoja na supu ya pweza. Utakuja kunishukuru.

Tabibu wa Bara

Chuma, biashara yako ipeleke kwingine. Na wewe Babu, mtu ana sukari na presha, hayo mavumbi hakuna ajuaye yamechanganywa na nini.

Mleta uzi, mimi ni daktari wa kawaida wa hospitali ya wilaya, si bingwa wa homoni, ila wanaume wa namna yako nawaona karibu kila wiki. Hicho kipimo chako ni kama hujapima. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri mchana unavyosogea, na chakula nacho huishusha. Inapimwa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hujala kitu, na hata ikitoka chini inarudiwa siku nyingine kabla mtu hajatamka neno sindano. Safari hii mwambie daktari aandike pia LH, FSH na prolaktini, homoni za tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo; LH na FSH ndizo zinazoziamrisha korodani. LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, korodani ndizo zimechoka, mfano mtu aliyeugua matubwitubwi ukubwani yakashukia huko. LH ikiwa chini au ya kawaida, basi amri haitoki vizuri kichwani, na hapo tunaangalia tezi ya pituitari, kitambi, usingizi, dawa. Je, unatumia tramadoli au prednisoloni kwa muda mrefu? Zote hushusha homoni.

Sasa kubwa kuliko yote, na nashangaa huyo wa kliniki hakukuuliza: unataka mtoto. Ubongo ukiona testosteroni ya sindano imejaa kwenye damu, unaacha kutuma LH na FSH. Korodani hazipati amri, zinasinyaa, mbegu zinakauka. Si maneno ya vijiweni, Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzifanyia majaribio sindano hizo hizo kama uzazi wa mpango wa wanaume. Ukiacha, wengi mbegu hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine hufika miaka 2, na wapo wachache ambao hazirudi kama zamani. Kwa hiyo kwako wewe, leo, jibu ni hapana, hata hicho kipimo kingetoka 5. Anayetaka mtoto na homoni kweli ziko chini hupewa vitu vingine, kama klomifeni au sindano za hCG (homoni inayofanya kazi kama LH), vinavyoziamsha korodani zenyewe, tena chini ya bingwa.

Kuhusu moyo: kuna utafiti mkubwa unaitwa TRAVERSE, ulitoka 2023, wanaume zaidi ya 5,200 wenye testosteroni ya chini na wenye ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Waliopaka jeli ya testosteroni hawakupata mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko waliopaka jeli tupu. Lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia ghafla vilionekana zaidi kwao. Kwa hiyo wanaosema inaua na wanaosema haina neno, wote wanatia chumvi.

Halafu hilo la alfajiri kuwa kimya. Kwa mwenye sukari, mara nyingi mhusika ni mishipa ya damu na ya fahamu, testosteroni inasingiziwa tu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana hulalamika mapema. Pima mafuta ya damu, piga na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Atenololi nayo inajulikana kwa kudhoofisha tendo, muombe daktari wako akubadilishie. Usiiache mwenyewe ghafla, moyo hautakuelewa.

Mama Nasra

Kaka, samahani naingilia mambo ya wanaume. Unakoroma?

Kipanga wa Moro

Dada Mama Nasra, mke wangu alishahamia chumba cha mtoto.

Mama Nasra

Nilijua. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo, anakoroma, anakata pumzi, kimya, halafu anashtuka kama anayezama. Mchana anasinzia hadi kwenye daladala. Tulihangaika na dawa za nguvu kumbe usiku alikuwa halali. Muulize mke wako kama na wewe pumzi zinakatika.

Tabibu wa Bara

Swali zuri kuliko yangu yote. Kukosa hewa usingizini kunashusha testosteroni, na sindano ikiingia kabla tatizo hilo halijashughulikiwa inaweza kulizidisha.

Mpemba wa Muscat

Asalaam alaykum. Mie nnatumia, miaka kadhaa sasa, huku Oman. Nilikuwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ukakatwa, na homoni zikaondoka nao. Kwa mtu kama mie hii ni dawa kweli, nisiseme uongo. Ndevu zilikuwa zishaanza kupungua, mifupa ilipimwa ikakutwa imelegea, nikikaa nalia bila ya sababu. Alhamdulillah vyote vimerudi.

Lakini ndugu yangu, si kitu cha kuchomwa halafu ukaenda zako. Yangu ni ile ya kila baada ya wiki 10 hadi 14, mililita 4 za mafuta mazito. Nesi huikamata chupa viganjani mpaka ipate joto, ndo aivute, halafu huisukuma kwenye kalio polepole, kama dakika mbili, nawe umelala kifudifudi unahesabu vigae vya sakafu. Ukimaliza hubaki hapo si chini ya nusu saa wanakuangalia, maana mafuta yakiingia kwenye mshipa kifua hubana na kikohozi hukushika hapo hapo. Na kila mara damu: hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54 sindano husimama, kwani damu ishakuwa nzito. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, nayo hupimwa. Wakianza kukupa bila ya hivyo vipimo, kimbia. Na ukipewa ya jeli, usimbebe mwanao kabla hujavaa shati, inahama kwa kugusana.

Ile ya "huachi tena" si kweli hasa. Unaacha, ila korodani zishalala, na miezi ya mwanzo utajihisi vibaya kuliko ulivyoanza. Kwa mie sina pa kurudia. Wewe unapo.

Chuma Kizito

Hiyo ya mbegu mbona jamaa hakunambia?

Tabibu wa Bara

Anauza dawa, Chuma. Una miaka mingapi wewe? Nenda kapime mbegu.

Kipanga wa Moro

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. Nimepima upya saa 1 na nusu asubuhi, tumbo tupu. Testosteroni 10.9. LH na prolaktini za kawaida. Sukari ya miezi mitatu imetoka asilimia 9.4, hapo nesi aliniangalia kama nimeiba. Na mke wangu anasema ndiyo, pumzi zinakatika, alidhani naota.

Tabibu wa Bara

Uko katikati. Uingereza, kwa mfano, chini ya 8 na dalili zipo, wengi wao wangetibu. Kati ya 8 na 12 wanapima mtu na mtu. Korodani zako zinafanya kazi. Kinachokuangusha ni sukari, kitambi na usiku. Ukishusha kama kilo 10 hapo, testosteroni inaweza kupanda nanomoli 2 hadi 3 bila sindano. Anza na sukari, 9.4 si mchezo, na omba rufaa ya kuangaliwa usingizi, Muhimbili au kwingine. Rudia homoni baada ya miezi sita. Wakati huohuo pima manii, mjue mnaanzia wapi. Siku 2 hadi 7 bila tendo kabla ya kipimo.

Kipanga wa Moro

Hizo siku kwangu si tatizo mkuu, hilo ndilo lililonileta hapa. Maabara iko Msamvu na mimi nakaa Kihonda. Nitatoa sampuli nyumbani niwahishe kwa bodaboda.

Mama Nasra

Kaka, isizidi saa moja, na kikopo ukikumbatie kwapani kisipoe. Ila kwa nini ujitese na bodaboda na barabara ile? Waombe chumba hapo hapo maabara.