Acheni kusema Waingereza "waliwahifadhia" Wahindi Kisanskriti, inakera!

Wakuu, nimevumilia sana ila leo natema. Kila ukoloni wa India ukitajwa humu, hakosi mtu wa kuleta "lakini walijenga vyuo vya Kisanskriti". Walijenga, ndiyo, vyuo vya lugha hiyo ya kale ya India. Kwa faida ya nani?

Chuo cha mji wa Benares kilianza 1791, mwanzilishi Jonathan Duncan, mwakilishi pale wa Kampuni ya East India, ile kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa inatawala. Mahakimu wao walikuwa wanaamua kesi za mirathi na ndoa kwa sheria za Kihindu ambazo hata kuzisoma hawawezi, wakahitaji mapanditi (wasomi wa Kihindu wa Kisanskriti) wa kukaa pembeni na kuwafafanulia. Duncan mwenyewe aliliandika hilo bila kificho. Ndiyo mapenzi ya utamaduni hayo?

Kinachoniuma zaidi ni chuo cha Kisanskriti walichopanga kufungua Calcutta. Desemba 1823 Rammohun Roy, Mbrahmani (tabaka la juu la Wahindu) aliyebobea kwenye hicho Kisanskriti, alimwandikia Gavana Mkuu Amherst: hela za chuo hicho zifundishe watu hisabati, kemia, anatomia. Akatoa mfano ambao ungechekesha kama usingetia hasira. Kijana atamaliza miaka 12 akibishania neno khaduti, yaani "anakula": maana iko kwenye neno zima, au kipande kimoja kimebeba kula na kingine kimembeba mlaji? Hebu fikiria mtu anaota ndevu darasani akichambua a-na-kula, na tumboni hana kitu.

Wakampuuza. 1824 chuo kikafunguliwa, tena kwa matabaka mawili tu, Wabrahmani na Wavaidya. Mpaka Vidyasagar aliposhika ukuu wa chuo, 1851, ndipo Wakayastha, tabaka jingine, nao wakaruhusiwa. Wanawake hata msiulize.

Halafu 1835 anakuja Macaulay, ofisa Mwingereza kwenye baraza la Gavana Mkuu, na waraka wake kuhusu elimu. Ameshika ombi la wahitimu wa chuo hichohicho: tumesoma miaka 10, 12, vyeti tunavyo, mbele hatuoni kitu, tusaidieni. Yeye analigeuza ushahidi kwamba elimu yao haifai, hela zihamie kwenye Kiingereza! Jamani, si ninyi mliowaweka darasani? Si mliambiwa mapema, kwa barua?

Na yule aliyeniambia jana kwamba bila Waingereza Kisanskriti kingekufa: Benares palikuwa na mapanditi na wanafunzi wao karne nyingi kabla hiyo Kampuni haijaanzishwa London mwaka 1600. Njoo na hoja. Matusi sijibu.