Vipimajoto vya matangi ya maziwa: data ihifadhiwe wapi mtandao unapokatika?

Muulizaji:
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia vipimajoto 40 vya matangi ya kupozea maziwa katika vituo sita mkoani Njombe, na kila kimoja hutuma kipimo kila sekunde 10 kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Mtandao ukikatika, vipimo hupotea; juzi maziwa yalichacha na hatukujua tangi lilianza kupata joto saa ngapi. Nifanyeje?

Jibu la 1:
Pole, ndugu. Vipimo 345,600 kwa siku kwa vifaa vyote 40 ni vingi mno kwa matangi ambayo joto lake hubadilika polepole. Weka kompyuta ndogo kila kituo ihifadhi vipimo vyote kwanza, kisha itume wastani wa kila dakika 5. Joto likipita nyuzi 4, itume papo hapo. Usihifadhi kwenye kadi ya memori, kwani huchoka kwa kuandikwa mfululizo. Mimi nilizika tatu ndipo nikakoma.

Jibu la 2:
Naafiki, ila tumia MQTT, itifaki (kanuni za vifaa kutumiana ujumbe) iliyobuniwa mwaka 1999 kwa mabomba ya mafuta yaliyotegemea setilaiti. Ngazi yake ya 1 ya uhakika wa kufikisha ujumbe huhakikisha ujumbe unafika angalau mara moja, yaani unaweza kufika hata mara mbili. Hivyo kila kipimo kibebe namba ya kifaa na saa kilipopimwa, si kilipopokelewa, ili seva itambue nakala.

Muulizaji:
Nashukuru. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika, saa za vifaa vyangu hurudi mwaka 1970, yaani mwanzo wa hesabu yao ya saa.

Jibu la 2:
Vifungie saa yenye betri yake.