Naomba ushauri: vipimo vinasema tezi ya shingo imezidi kasi, dalili hana

Wakuu, mke wangu kapimwa damu: TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi) chini kabisa, FT4 (homoni ya tezi yenyewe) juu. Kaandikiwa kabimazoli, dawa ya kupunguza kasi ya tezi, bado hajaanza kumeza. Kinachonishangaza, mikono haitetemeki, moyo unadunda kawaida, na uzito haujapungua (umeongezeka, msimwambie).

Ila anatumia vidonge vya bayotini (vitamini B7) vya nywele na kucha. Kopo limeandikwa mikrogramu 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 tu kwa siku! Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba bayotini huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara.

Kwa dozi hiyo, akiacha siku mbili zinatosha kabla ya kurudia kipimo? Na daktari tumwambieje asione tunamfundisha kazi? Watu wa maabara mliomo humu, nisaidieni.