“Sorry” ya Kiingereza kwa Kihispania: ni “perdón” au “lo siento”?

Mwongoza wageni, Kabale
Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokwenda kutazama sokwe wa milimani katika msitu wa Bwindi, na baadhi yao hutoka Hispania. Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo aliteleza mteremkoni, nyuma yangu, akaanguka. Sisi Waganda, hata tunapozungumza Kiingereza, mtu akijikwaa tunamwambia “sorry” ijapokuwa hatukumgusa, nami nikamwambia “perdón”, neno nililolikuta katika kijitabu changu cha misemo. Aliinuka akijipangusa matope, akanitazama kwa mshangao, akauliza kama ni mimi niliyemsukuma. Nilipaswa kusema nini?

Mwalimu wa Kihispania, Kampala
Ndugu, kosa ni la kijitabu kilichokupa neno moja kwa mambo mawili. Liache kando neno la Kiingereza, uanzie kwenye Kiswahili chako, maana Kiswahili kimeligawa jambo hili karibu pale pale Kihispania kinapoligawa: “samahani” husemwa na aliyekosa au anayesumbua, ilhali “pole” humwendea aliyepatwa. “Perdón” iko upande wa samahani. Ukimwambia rafiki utasema “perdona”, na mgeni wa kuheshimiwa “perdone”. “Lo siento” haibadiliki kwa kumfuata anayeambiwa, kwa sababu kitenzi chake ni cha msemaji mwenyewe: “ninalihisi jambo hili”. Ndiyo inayokaribia pole, lakini mpaka huo si ukuta, kwani hata aliyevunja kamera ya mwenzake husema “lo siento” kuonyesha majuto yake.

Kwa sababu hiyo, mbele ya mtu aliyeanguka, hata “lo siento” ingeweza kumfanya adhani unakiri kosa. Desturi yetu ya kumpa pole kila anayejikwaa haina neno lake kamili kwa Kihispania, mwenyeji wa lugha hiyo angeuliza “¿se ha hecho daño?”, yaani “umeumia?”, kwa namna ya heshima.

Mkalimani, Entebbe
Naafikiana na Mwalimu, ila naongeza habari ya msiba, kwa kuwa hapo ndipo kukosea kunapouma. Mgeni akipata taarifa ya kufiwa, pale ambapo kwa Kiganda tungesema “nga kitalo”, “lo siento mucho” inatosha kabisa. Katika barua au mbele ya watu wasiozoeana, hutumika “mi más sentido pésame” au “le acompaño en el sentimiento”. “Perdón” hapo ingekuwa kituko. Lakini usiposikia mgeni alilosema, “¿perdón?” ni sahihi, ingawa Wameksiko wengi husema “¿mande?”. Ukitaka kupishwa njiani, sema “con permiso”.

Mwongoza wageni, Kabale
Nashukuru sana, Mwalimu, nawe Mkalimani. Nilikuwa nimeanza kuwafundisha wageni neno “pole” lenyewe, lakini mmoja aliyekuwa amepanda Kilimanjaro alidhani namwambia aende polepole, akapunguza mwendo hadi kundi zima likasimama. Nitaanza na hilo swali la kuumia.